Tamko la wachezaji kuhusu roboti zinazoharibu masoko ya michezo ya mtandaoni



Chama chetu kinawaunganisha wachezaji wa michezo ya mtandaoni wanaozungumza Kiswahili, walioko nyumbani na walioko ughaibuni. Leo tunatoa msimamo wetu kuhusu roboti, yaani programu zinazocheza badala ya mtu. Zinakata miti, zinachimba madini, zinaua majoka na kupeleka mali sokoni usiku na mchana, huku mwenye akaunti amelala au anasimamia akaunti nyingine kadhaa kwa wakati mmoja.

Tunataka roboti hizi zipigwe vita bila kulegea. Lakini walengwa wawe wanaoziendesha na wanaonunua sarafu zao. Vita hivi visimwangukie mtu maskini anayecheza kwa mikono yake, wala visiwe kisingizio cha kuwafungia soko wachezaji wote. Tunayasema haya kwa sababu yote mawili yameshatokea.

Tumeamua kueleza hoja yetu kupitia mchezo mmoja hasa, RuneScape, ulioanza Januari 2001 nchini Uingereza na unaoendeshwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge. Ulikuwa ukifunguka ndani ya kivinjari bila kupakua chochote, na ndiyo maana wengi wetu tuliujulia kwenye saiba kabla hatujamiliki kompyuta. Tena hatujui mchezo mwingine uliojaribu njia nyingi kama huo za kukabiliana na roboti, zingine za busara na zingine za kujiumiza wenyewe.

Watu wasiocheza hutuuliza: programu ikikata miti ya kuchorwa, nani kaumia? Aliyeumia kwanza ni mchezaji mgeni. Mgeni wa RuneScape alikuwa akienda kuchuma kitani karibu na kijiji cha Seers, anakisokota kuwa uzi wa upinde, anauza na kupata mtaji wake wa kwanza. Kazi yenyewe inachosha, haina hatari, wala haihitaji ustadi, na kwa sababu hizo hizo ndiyo kazi rahisi kuliko zote kuiandikia programu. Roboti zikivamia shamba la kitani, uzi unafurika sokoni, bei inaporomoka, na yule mgeni anagundua kwamba saa nzima ya jasho lake haimtoshi kununua hata ngao ya kuanzia. Mfukoni hajaibiwa hata senti. Saa zake ndizo zilizopoteza thamani.

Wengi huishia hapo, wakidhani kwamba roboti hushusha bei basi. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Ndani ya RuneScape kuna uchawi uitwao High Alchemy, ambao mchezaji huupata akifika ngazi ya 55 ya uchawi. Unageuza kifaa kuwa sarafu, na anayelipa ni mchezo wenyewe, kwa asilimia 60 ya thamani ya msingi ya kifaa hicho. Upinde mrefu wa mti wa yew hulipwa sarafu 768, leo na kesho, uwe adimu au umejaa kila kona. Bei yake sokoni haiwezi kwenda chini sana ya hapo, maana huyo mnunuzi wa mwisho hachoki wala hafilisiki. Sasa roboti zikikata yew na kuchonga pinde bila kukoma, ziada yote haiozi ghalani. Inageuka kuwa sarafu mpya ambazo jana hazikuwapo. Hakuna gavana wa benki kuu ambaye angevumilia kila nyumba iwe na mtambo wa kuchapa noti uani, halafu mitambo hiyo ipewe programu ya kujiendesha yenyewe.

Kwa hiyo mchezaji mwaminifu anabanwa kotekote. Anachokusanya kwa mikono kinashuka bei kwa sababu roboti zinakikusanya pia. Anachotamani kununua, hasa vifaa adimu ambavyo roboti hazivipati kirahisi, kinapanda kwa sababu sarafu zimezidi. Hatusemi kwamba kila mfumuko wa bei unatokana na roboti. Kampuni nazo huongeza maadui wapya wanaodondosha mali kupita kiasi, kisha zinashangaa bei zinapoenda juu. Hilo ni kosa la wabunifu wao na wasilifiche nyuma ya mgongo wa roboti.

Kuna jambo linalotugusa sisi kwa namna ya pekee, nalo ni bondi. Jagex iliingiza bondi katika RuneScape mwaka 2013, kisha katika Old School RuneScape, toleo la mtindo wa zamani la mchezo huo, mwezi Machi 2015. Mwenye uwezo hununua bondi kwa pesa halisi na kuiuza ndani ya mchezo kwa sarafu. Anayeinunua huibadilisha kuwa uanachama, na katika Old School bondi moja humpa siku 14. Kwa kijana wa Mwanza au wa Kisumu asiye na kadi ya kulipia huduma za nje, bondi ni mlango wa heshima. Analipa ada yake kwa kazi anayoifanya mchezoni, bila kumwomba mtu. Miaka ile ya mwanzo bondi ya Old School haikufika sarafu milioni 4. Siku hizi inauzwa kwa zaidi ya milioni 10. Mwenye roboti hashtuki, anaongeza akaunti nyingine tu. Anayeshtuka ni kijana yule, na saa za siku yake ni zile zile 24.

Gharama hii haiko RuneScape peke yake. Katika kesi ya Marekani kuhusu Glider, programu iliyocheza World of Warcraft badala ya mtu, mahakama ya rufaa ilieleza katika hukumu yake ya Desemba 2010 kwamba hadi Septemba 2008 kampuni iliyoiuza, MDY, ilikuwa imeuza leseni 120,000 na kuingiza dola milioni 3.5. Blizzard, wenye mchezo, walikuwa wamepokea malalamiko 465,000 kuhusu roboti kati ya Desemba 2004 na Machi 2008, na kuyashughulikia kuliwagharimu dola 940,000 kwa mwaka. Huko Iceland, kampuni ya CCP inayoendesha EVE Online ilifunga zaidi ya akaunti 6,000 kwa mpigo mwezi Juni 2009. Zilikuwa kama asilimia 2 tu ya akaunti zote, lakini mzigo wa seva ulipungua kwa karibu asilimia 30. Na mchezo wa Lost Ark, muda mfupi baada ya kufunguliwa Ulaya na Marekani mwaka 2022, ilitangaza mwezi Machi kwamba imefunga zaidi ya akaunti milioni moja za roboti. Ada yetu inalisha pia mashine zinazotufukuza sokoni, na hilo halijawahi kuandikwa kwenye risiti.

Tuje kwenye hatua zilizochukuliwa, kwa kuwa hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu wengi.

Mwaka 2007 wauzaji wa sarafu za RuneScape walikuwa wakilipia uanachama wa akaunti zao kwa kadi za benki zilizoibwa. Wenye kadi wakigundua, benki zinadai pesa zirudishwe, na kampuni ikajikuta kwenye hatari ya kupoteza kabisa haki ya kupokea malipo ya kadi. Jagex iliamua kukata mzizi. Desemba 2007 iliondoa mapigano ya wachezaji kwa wachezaji katika Wilderness, nyika ambayo ukimuua mtu unachukua mali yake, kwa sababu wauzaji waliitumia kukabidhiana mali: mnunuzi anakuja, muuzaji anajiachia auawe, sarafu zinahama. Januari 2008 ikaweka kikomo kwa biashara zote, hivyo usingeweza kumpa rafiki yako kitu cha thamani kubwa bila yeye kukupa kitu cha thamani inayokaribiana. Wachezaji waliandamana humo humo mchezoni.

Tunakiri kwamba hatua hiyo iliwabana sana wauzaji wa sarafu. Lakini ilibana pia kila kitu kilichoufanya mchezo uwe jamii. Kaka hakuweza kumpa mdogo wake upanga. Ukoo wa wachezaji haukuweza kuchangiana. Zawadi, mkopo, dau la mpambano, vyote vilitazamwa kama uhalifu unaosubiri kutendeka. Kwa zaidi ya miaka mitatu wachezaji wote walilipia kosa la wachache, na walipoulizwa jibu lao halikuwa na utata: kura zaidi ya milioni 1.2 zilipigwa, na asilimia 91 zilitaka biashara huru na Wilderness virudi. Vilirudi tarehe 1 Februari 2011.

Na roboti zikarudi navyo, kwa wingi. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo huo Jagex iliwasha mfumo mpya wa kuzinasa na kutangaza kwamba umefunga akaunti milioni 1.5. Tafakarini idadi hiyo. Kabla ya siku ile mchezaji aliyeona mamia ya wenzake msituni alikuwa, kwa sehemu kubwa, akitazama mashine. Baada yake misitu ilikuwa mitupu, bei za malighafi zikapanda, na kazi za mikono zikaanza kulipa tena. Roboti mpya zikaandikwa, bila shaka. Ila siku ile ilithibitisha kwamba hazishindikani kampuni ikiamua kuwekeza kwa wataalamu, na kwamba soko huitikia haraka likiondolewa mzigo.

Kwa nini basi kampuni hazifanyi hivyo kila mwaka? Tutalisema lisilosemwa kwenye mikutano yao. Akaunti ya roboti iliyolipiwa ni mteja katika hesabu za kampuni. Roboti inayonunua bondi imemfanya mtu mwingine ailipe Jagex pesa halisi kwa bondi hiyo. Idadi ya watu walioko mchezoni, inayoonyeshwa kwa fahari kwenye ukurasa wa mbele, haibagui mtu na programu. Hatudai kwamba kuna afisa anayezilea roboti kwa makusudi. Tunachosema ni kwamba hasara inaangukia wachezaji huku mapato yakibaki kwa kampuni, na penye mpangilio wa namna hiyo haraka haiwezi kuwapo. Mwaka 2024 Jagex iliuzwa kwa mfuko wa uwekezaji wa CVC kwa bei iliyoripotiwa kufikia pauni milioni 900. Kampuni ya thamani hiyo haiwezi kutuambia haina fedha za kuajiri watu wa kusoma rufaa.

Sasa suala la Venezuela, ambalo limegawa hata wanachama wetu. Uchumi wa nchi hiyo ulipoanguka na fedha yake, bolivar, kupoteza thamani, maelfu ya vijana walikimbilia Old School RuneScape. Mchezo ulikuwa mwepesi, ukiendeka kwenye kompyuta chakavu, na sarafu zake zilikuwa na uhakika kuliko noti za serikali. Waliua majoka ya kijani nyikani, wakauza mifupa na ngozi, kisha wakauza sarafu kwa dola. Kwa saa moja ya kazi walipata kiasi kidogo sana, lakini kwa mwezi kiliweza kupita mshahara wa chini wa nchi yao. Umeme ulipokatika karibu nchi nzima Machi 2019, wachezaji wanaofuatilia soko waliripoti kuona bei za baadhi ya bidhaa zikipanda. Wazalishaji walikuwa gizani.

Mwaka 2017 ulisambaa mwongozo wa Kiingereza unaofundisha jinsi ya kuwawinda Wavenezuela hao nyikani, ukiwa na maneno ya kuwauliza kwa Kihispania ili kuwatambua. Wengine waliona ni mzaha. Chama hiki hakioni mzaha wowote katika kumsaka mtu kwa lugha yake. Sisi ni wasemaji wa Kiswahili katika seva ambazo lugha yetu ni ngeni, na tunajua mwongozo kama huo unaweza kuandikwa kesho ukianza na neno "mambo".

Ni kweli kwamba kuuza sarafu kwa pesa halisi kunavunja masharti ya mchezo, hata kwa aliyezipata kwa mikono. Kampuni ina haki ya kuyasimamia masharti yake. Lakini mtu mwenye akaunti moja, mikono miwili na usingizi unaomkamata usiku hawezi kulifurika soko kama mtu mwenye mashine mia mbili. Kuwaweka wawili hao kapu moja ni uvivu wa kufikiri, na mara nyingi ni uvivu wa makusudi, kwa sababu maskini ni rahisi kumnasa: hana pesa za kubadilisha akaunti wala anwani ya intaneti.

Hilo la anwani linatuhusu moja kwa moja. Mitandao ya simu, ya kwetu ikiwemo, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti kwa sababu anwani hazitoshi. Saiba nazo ni hivyo hivyo: kompyuta nyingi, laini moja. Mfumo wa kunasa roboti ukihesabu akaunti nyingi kwenye anwani moja kuwa ushahidi, unatuhukumu kwa jinsi tunavyounganishwa, si kwa tunavyocheza. Mwendesha roboti wa kweli hukodi anwani tofauti kwa kila akaunti. Yeye hapati shida hata kidogo.

Kutokana na hayo, tunazitaka kampuni zote zinazoendesha michezo yenye soko la wachezaji zichapishe kila robo mwaka ni akaunti ngapi zimefungwa kwa roboti, ngapi kwa kuuza sarafu, ngapi kwa kununua, na rufaa ngapi zimekubaliwa. Takwimu za kufungwa peke yake ni matangazo ya biashara. Idadi ya rufaa zilizokubaliwa ndiyo inayoonyesha kama mfumo unaona vizuri. Kila rufaa isomwe na mtu, na anayefungiwa aambiwe tuhuma yake kwa sentensi inayoeleweka. Anwani ya intaneti isitumike peke yake kumhukumu mtu.

Mnunuzi aguswe. Kwa miaka mingi muuzaji amekuwa akifungiwa milele huku mnunuzi akionywa kwa upole, kwa kuwa mnunuzi ndiye mteja mwenye kadi. Bila yeye roboti hazina kazi. Sarafu alizonunua zifutwe zote pamoja na vifaa alivyovipata kwazo, hata kama vimeshabadilisha umbo mara tatu.

Vikwazo kwa akaunti mpya tunaviunga mkono vikiwa na kiasi. Old School RuneScape huizuia akaunti isiyolipiwa kuuza baadhi ya vitu hadi ifikishe saa 20 za kucheza, jumla ya ngazi 100 na pointi 10 za misheni. Binadamu hupita hapo akiwa anafurahia mchezo, ilhali roboti inayofungwa kila siku tatu inalazimika kuanza upya. Tofauti na kikomo cha 2008, kizuizi hiki kina mwisho. Tunaunga mkono pia kodi ya soko ya mchezo huo iliyoanza Desemba 2021 kwa asilimia 1 na kupandishwa hadi asilimia 2 mwezi Mei 2025, kwa sababu inaondoa sarafu mchezoni, na sehemu yake hutumika kununua vifaa na kuviteketeza. Wanachama wetu wengi hawaipendi, na hatuwalaumu. Hakuna anayependa kodi. Ila ni afadhali sarafu zifutwe kidogo kidogo kwa kila muuzaji, roboti zikiwemo, kuliko soko lifungwe.

Wenzetu wenye ulemavu wanaotumia vifaa vya kuwasaidia kubofya wasichanganywe na roboti. Kanuni ya bofyo moja, tendo moja inatosha kuwatenganisha, mradi ielezwe wazi na isibadilishwe kimyakimya.

Kwa serikali zetu ombi letu ni dogo. Korea Kusini ilirekebisha sheria yake ya michezo mwaka 2016 ili kuwabana wanaotengeneza na kusambaza programu zisizoruhusiwa na wenye mchezo. Kama siku moja jambo hili litafika bungeni kwetu, liwe hivyo: limlenge mtengenezaji na msambazaji. Tusije tukaona kijana wa saiba anapandishwa kizimbani kwa kubofya.

Sisi wenyewe tumeamua yafuatayo, kuanzia leo. Mwanachama atakayethibitika kuendesha roboti atafutwa uanachama. Atakayethibitika kununua sarafu atapewa adhabu ile ile, bila punguzo kwa viongozi. Mwanachama anayeuza sarafu alizozipata kwa mikono yake hatutamtetea mbele ya kampuni, maana anajua masharti aliyoyakubali, lakini hatutamtangaza wala kumwinda. Mashindano yetu hayatapokea udhamini wa tovuti yoyote inayouza sarafu, akaunti au huduma ya kuchezewa. Ofa za namna hiyo zimeshatufikia, zingine nono kuliko ada zetu zote za mwaka, na mweka hazina ameagizwa kuzirudisha bila mazungumzo.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.